Ng'ombe Wasiohesabiwa

Shule ya Wasichana, Igowole
Jumapili, 18 Februari 2024

Shangazi Prisca,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta hapo Iyunga ukiwa na afya na ukiwa na wateja, maana najua ukikosa kimoja kati ya hivyo viwili, hicho kingine hakikupi raha. Mimi sijambo. Huku Mufindi mvua haikatiki na ukungu unaingia hadi darasani. Juzi mwalimu wa Jiografia alitufundisha aina za mawingu tukiwa ndani yake. Jackline, yule tunayelala naye dabo deka moja, yeye juu mimi chini, anakusalimu sana. Karanga zako amezimaliza yeye.

Baba alipiga simu kwa matroni kutoka Madibira. Anasema mpunga umesimama vizuri na Mawingu amezaa ndama jike mwenye doa jeupe puani. Anasema pia kwamba jino linakusumbua. Pole, Shangazi. Umekwenda kulitazamisha?

Sasa nina swali, ila si langu. Ni la rafiki yangu wa hapa shuleni, na jina lake siwezi kulitaja kwa sababu matroni hupitia barua zetu kabla hazijatoka. Mwalimu Lugano wa Kiswahili amemchagua asome risala ya wahitimu siku ya mahafali yetu mwezi wa kumi, kwa kuwa insha zake ni nzuri. Lakini huyu rafiki akisimama mbele ya watu, moyo unamwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, anaona hewa imekwisha kwenye uwanja mzima, na anajua kabisa kwamba anakufa. Wiki iliyopita ilimshika mstarini alipoitwa kusoma neno la siku. Alikwenda kukaa nyuma ya matangi ya maji mpaka ikapita. Wenzake wanadhani ana pumu, naye amewaacha wadhani hivyo.

Hataki kuikataa risala kwa sababu baba yake anakuja. Baba yake hajui kusoma. Amekwisha kuwatangazia watu wote kwao kwamba binti yake atasoma mbele ya wageni, na amekwisha kununua koti.

Katika maktaba nimesoma kitabu kinachoeleza kwamba hofu ya namna hii hutibiwa kwa hipnosisi. Nimekumbuka uliwahi kusema chumba chako cha mbele amepanga dada mmoja, Atuganile, aliyesomea mambo ya akili. Je, anaijua tiba hiyo? Na je, ni dhambi? Rafiki yangu angependa kujua yote mawili.

Ni mimi mwanao,
Ng'washi


Iyunga, Mbeya
24 Machi 2024

Mwanangu Ng'washi,

Marahaba, mama. Barua yako imelala posta muda mrefu kwa sababu sikwenda kufungua sanduku. Mchele wa msimu uliopita unakwisha, watu wanagombania vilivyobaki, sina hata nafasi ya kujikuna. Jino halina neno. Nimeweka karafuu.

Nilimwendea Atuganile siku ileile niliyosoma barua yako. Unajua, kwamba amesomea mambo ya akili nilijua, ila miaka yote hii nilidhani anafundisha watu Kiingereza mle ndani? Naona wanaingia wamenuna, wanatoka wamechangamka. Kumbe anatibu woga. Nikamwambia kwamba nyumba hii iliombewa na mchungaji siku ya kuezekwa, kwa hiyo hakuna mtu atakayelazwa usingizi na kuamrishwa abweke chini ya bati langu. Akacheka mpaka akafuta macho. Akaniuliza: "Mama Prisca, ukiwa unapepeta mchele, hujawahi kuitwa na mteja mara tatu usisikie?" Nikasema hiyo ni kila siku. Akasema basi ni hapo hapo. Hujalala wala hujapotea, upo, ila umezama kwenye jambo moja, na ukitaka kuinuka unainuka. Mtu akiwa amezama hivyo, ndipo anapoweza kuizoeza akili yake isiione ngazi kuwa ni shimo.

Nikasema nitajaribu mimi kwanza, maana siwezi kumpa mtoto wa watu dawa ambayo sijaionja. Akanikalisha kwenye kiti, nikafumba macho, akaniambia nivute pumzi taratibu na nichague mahali ambapo moyo wangu hutulia. Nikachagua zizi la baba yako jioni. Akaniuliza harufu, nikampa harufu. Akaniuliza sauti, nikamwambia ni ng'ombe wanavyocheua. Naye sauti yake ikawa inateremka polepole kama maji ya mfereji. Mwili ukaanza kulegea, kweli. Kisha akasema: "Sasa wahesabu wanavyoingia, mmoja mmoja, na kila mmoja akiingia unazidi kulegea."

Nikafumbua macho yote mawili. Nikamwuliza kama anataka kuua mifugo ya kaka yangu.

Maskini, yeye ni mtoto wa Rungwe, kwao ni migomba, angejuaje. Nikamweleza kwamba kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Baba yako husimama langoni na kuita kila mmoja kwa jina, na mtoto aliye ndani hujibu "kaingia". Mjibu mkubwa wa zizi lile ulikuwa wewe. Ulikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele na sauti yako ilikuwa inafika barabarani. Atuganile aliyaandika yote hayo. Tukaanza upya, safari hii kwa majina, Mawingu kwanza, na tulipofika kwa wa mwisho nilikuwa nimelegea kama ugali uliozidi maji.

Anasema hii si dawa ya kutumwa kwa posta. Anasema pia kwamba moyo kwenda mbio kunaweza kuwa na sababu nyingine, kwa hiyo kwanza apimwe na daktari. Mwambie huyo rafiki yako aje likizo ya Juni. Kitanda kipo. Kama kwa bahati anapenda maharage yenye nazi na hapendi mlenda, mwambie asijali, nimekwisha kuzoea.

Kuhusu dhambi, nilimwuliza mchungaji. Aliniuliza kama inasaidia na presha.

Shangazi yako,
Prisca


Igowole
21 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo, na asante. Nilisoma barua yako nikiwa nyuma ya jiko, Jackline akadhani nimepata habari za msiba kwa jinsi nilivyokuwa nimejiinamia, kumbe nilikuwa nacheka. Mahindi ya bustani ya shule yameanza kuliwa na nyani, na kidato cha pili ndio wanaolinda zamu. Nimekuwa wa tatu katika mtihani wa majaribio. Hisabati ndiyo iliyoniangusha.

Rafiki yangu ameshukuru. Amesema atakuja au atamtuma mtu.

Amepitia wakati mgumu kidogo. Wiki ya Pasaka alikwenda ofisini kwa Mwalimu Lugano kumwambia atafute mtu mwingine. Alikuwa ameyakariri maneno. Akagonga mlango, mwalimu akamkaribisha, akamwuliza anataka nini, na yeye akasema amekuja kuchukua madaftari ya darasa. Akayabeba yote mpaka darasani. Siku hiyohiyo baba yake akapiga simu. Alisema anajifunza kuvaa viatu vya kamba na kwamba anazunguka navyo zizini ili vimzoee. Kwa hiyo rafiki yangu hawezi kurudi nyuma tena. Lakini kwenda mbele pia bado hawezi.

Amejaribu peke yake ile njia ya majina. Alilala chali, akafumba macho, akawaita mmoja mmoja. Alipata usingizi mzuri sana, ila kengele ya asubuhi ilimpita.

Shangazi, kuna jambo nimelikumbuka tu. Kile kitabu kinasema tiba hii huwafaa pia watu wanaoogopa daktari wa meno. Wako wengi duniani, hata watu wakubwa na majasiri. Ulipokaa kwenye kile kiti, Dada Atuganile alikuuliza unaogopa nini?

Mwanao,
Ng'washi


Iyunga
19 Mei 2024

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Mavuno yameanza Usangu na magari ya mpunga yanapita hapa barabara kuu usiku na mchana, mpaka vumbi la nyumba yangu linanukia wali. Baba yako amenitumia salamu na picha ya viatu.

Barua yako ilinyeshewa njiani. Nilisoma vizuri mpaka kwenye kengele, baada ya hapo kuna sehemu ilitaja kitabu na watu wakubwa, wino umetawanyika, sikuelewa chochote. Si neno.

Atuganile ametenga asubuhi tatu kwa ajili ya rafiki yako. Atakayekuja na aje. Nimemwambia kwamba huyo mtoto ni mpole, anasoma hata maandishi ya kwenye mfuko wa chumvi, na asimsemeshe kabla hajanywa chai.

Shangazi


Igowole
14 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tulifika salama. Huku ni baridi ya kuvaa sweta mbili, na majani ya chai upande wa pili wa bonde yana barafu nyembamba asubuhi. Mchele wako umegawanywa kwa haki, Jackline akisimamia, kwa hiyo kwa haki ya Jackline.

Rafiki yangu hakuweza kuja, kama ulivyoona, lakini nimemweleza yote. Hukuniuliza hata siku moja kilichokuwa kinaendelea chumba cha mbele, nami nashukuru. Nakuambia sasa kwa sababu kwangu kuandika ni rahisi kuliko kusema.

Daktari uliyenipeleka alisema moyo wangu ni mzima kabisa. Dada Atuganile alilichukua jibu hilo akaliweka mezani mbele yangu, akaniambia nilitazame kila anapoongea. Akanieleza kwamba hofu ya namna ile hupanda, hufika juu, halafu hushuka. Haijawahi kumpata mtu ikabaki juu. Mtu anayekimbia huwa hapati nafasi ya kuiona ikishuka, ndiyo maana huamini kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Nilimwambia kwamba matangi ya maji yamekuwa yakipata sifa zisizo zao. Alicheka.

Kisha nikafumba macho. Nikaingia zizini. Nikawaita, nikasikia "kaingia", nikazidi kuzama, na sikulala kwa sababu nilisikia hata wewe ukibishana na mtu wa mizani nje. Nikiwa humo aliniambia nione karatasi mkononi mwangu katika darasa tupu. Tulipotulia hapo, akamwingiza Jackline. Baadaye darasa zima. Kila moyo ulipoanza mbio alinirudisha langoni, tukaita tena. Siku ya mwisho nilisoma risala nzima kichwani mwangu mbele ya wageni wote, na baba alikuwa mstari wa mbele na viatu vyake.

Alinipa na kazi ya kufanya macho yakiwa wazi. Ndiyo maana ulinikuta stoo nikiyasomea magunia ya mchele. Asante kwa kukaa juu ya gunia moja na kusikiliza. Ulipiga makofi na vumbi likakupalia.

Jana niliomba mwenyewe kusoma neno la siku mstarini. Ilikuja, Shangazi. Ilikuja na ganzi na kila kitu. Nikabaki. Nilisoma kwa sauti ndogo, wa nyuma hawakusikia, lakini nilisimama pale mpaka ikashuka, na nilipofika mwisho nilishangaa kuona bado kuna hewa.

Sasa niruhusu niseme jambo moja kwa heshima. Nimekaa kwako wiki tatu. Umetafuna upande mmoja wiki zote tatu. Siku tulipokwenda kununua vitabu ulivuka barabara ghafla, bodaboda ikakutukana, na upande tuliouacha kulikuwa na bango lenye picha ya jino. Chumba cha mbele ni hatua chache kutoka kitandani pako. Natumaini barua hii hainyeshewi, nimeiweka kwenye mfuko wa plastiki.

Mwanao anayekupenda,
Ng'washi


Iyunga
8 Septemba 2024

Ng'washi,

Barua imefika ikiwa kavu.

Haya. Nilipokuwa mdogo, kabla babu yenu hajahamia huku na ng'ombe, jirani mmoja aliling'oa jino langu kwa koleo la kukazia waya wa uzio. Wawili walinishika miguu. Tangu hapo nikisikia harufu ya dawa za hospitali ya meno, nageuza njia. Nimezaa watoto wanne, nimefukuza wezi wa mchele kwa mwiko, lakini kile kiti kinachoegemea nyuma hapana. Usimwambie baba yako, yeye ndiye aliyeshika mguu wa kushoto, na bado anaona alinisaidia.

Shavu lilivimba mwezi uliopita. Nimekuwa nikikaa na Atuganile kila Jumatano. Nimefika mahali naweza kupita karibu na lile bango, juzi hata nilisimama chini yake nikamnunulia mtu mahindi pale. Daktari wa meno amekubali nije na Atuganile, na amekubali nikiinua kidole asimamishe kila kitu. Nimemwambia anipe Jumamosi, tarehe tano Oktoba.

Ndiyo, ni siku ya mahafali yenu. Nimeichagua makusudi. Shule imesema wageni wawili kwa kila mhitimu, na hao ni baba na mama yako, hilo halina mjadala. Lakini sitaki rafiki yako awe peke yake siku hiyo. Yeye akisimama, mimi nitakuwa nakaa.

Shangazi yako


Iyunga
Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu siwezi kuongea. Mdomo umejaa pamba.

Nilikaa. Walipoegemeza kiti nikataka kuinuka, Atuganile akaninong'oneza: "Langoni, Mama Prisca." Nikafumba macho. Sindano ya ganzi niliisikia, sikatai. Ila nilikuwa naita. Nilimwita Mawingu, nikamwita ndama wake mwenye doa, nikamwita mpaka yule dume kichaa aliyekwisha kuuzwa. Nikawa nangoja wa mwisho aingie, daktari akasema tayari. Nikamwambia hajaanza. Akanionyesha kwenye kisahani. Jino lenyewe dogo, mama. Nililibembeleza miaka yote hiyo, kumbe dogo vile.

Nikiwa mle ndani nilitazama saa ya ukutani kabla ya kufumba macho. Nikasema, saa hizi mwenzangu anaitwa. Simu ya baba yako haipatikani, huko kwenu milima. Nimepika uji nikauacha upoe. Sijui mlifikaje. Niandikie hata kama ilikuwa mbaya. Ikiwa mbaya niandikie haraka zaidi.

Prisca


Igowole
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Najua unangoja jambo moja, lakini nivumilie, kwa sababu nataka uone yote kwa mpangilio.

Baba na mama walifika mapema mno, wamelala Mafinga. Baba alikuwa na koti. Viatu vilikuwa vinameremeta na kamba zilikuwa zimefungwa kwa fundo lile la kufungia ndama. Walikaa mstari wa tatu kutoka mbele, kwa sababu mstari wa kwanza na wa pili ni wa wageni waalikwa. Mama alikuwa ananipungia mkono kila nilipopita, hata nilipokuwa napita na viti. Kwaya iliimba, mkuu wa shule akasema, tukala keki vipande vidogo. Halafu Mwalimu Lugano akashika kipaza sauti akaita jina langu.

Nilitembea hadi mbele. Karatasi ilikuwa mkononi. Nikatazama watu, na uwanja ukawa mpana kuliko ulivyokuwa asubuhi. Ikaja. Ilikuja kubwa kuliko ya mstarini, vidole vikafa, sauti za watu zikawa kama zinatoka ndani ya debe. Nikajua matangi ya maji yako upande wa kushoto. Sikuyatazama. Nikavuta pumzi, nikaenda langoni kama tulivyozoea, nikaanza kuita kimyakimya kuanzia wa kwanza anayeingia kila jioni.

Ila haikuwa kimyakimya. Kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo. Uwanja mzima ulisikia, taratibu na wazi kabisa:

"Mawingu."

Mgeni rasmi akapindua ratiba kuangalia upande wa pili. Nikamwona Jackline ameziba mdomo kwa mikono miwili. Na mimi nikasimama pale nikingoja kufa, kwa sababu sasa kulikuwa na sababu.

Ndipo nikasikia kutoka mstari wa tatu, kwa sauti ile ya kuvuka mbuga:

"Kaingia!"

Alikuwa baba. Amesimama, koti limekaa upande, uso umetulia kabisa kama mtu aliyeulizwa jambo analolijua. Nadhani hata hakufikiri. Jina liliitwa, akajibu. Kisha akaona watu wanamgeukia, akawaeleza jirani zake kwa sauti isiyokuwa ndogo kwamba huyo ni ng'ombe, na ni ng'ombe mzuri.

Watu walicheka, Shangazi, na mimi nikacheka pamoja nao. Nilicheka mbele ya kipaza sauti. Nilipomaliza nikaangalia, ilikuwa imeshashuka. Vidole vilikuwa vyangu. Nikasema, "Mgeni rasmi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu," na nikasoma mpaka mwisho. Nilisimama hata pale palipoandikwa mkato. Tulipomaliza, darasa zima la kidato cha nne likapiga kelele kwa pamoja "kaingia", na naogopa shule hii itaendelea kusema hivyo hata nikishaondoka. Asubuhi hii mpishi kaniambia uji umeiva, nikaingia jikoni, wote wakajibu.

Mwalimu Lugano aliniuliza baadaye kama ile ilikuwa mbinu ya kifasihi. Nilimwambia ni tiba. Nitamweleza siku nyingine, ni ndefu.

Yule rafiki ni mimi. Najua unajua. Nimeona niliandike hata hivyo, na matroni akisoma hapa na asome.

Nimekuwa nikikufikiria tangu jana, ukiwa kwenye kile kiti. Sijui kama ulikaa. Kama hukukaa, si kitu, tutakwenda pamoja Desemba na nitakushika mkono, si mguu. Kama ulikaa, nataka kuliona hilo jino.

Baba hakusema chochote kuhusu risala. Alikula wali, akamsalimia kila mwalimu, akauliza kama nyani bado wanakula mahindi. Nilidhani labda nimemwaibisha. Walipokuwa wanaondoka nilimsindikiza hadi getini. Alisimama, akatazama nyuma kule tulikotoka, uwanja mzima na majengo yote mpaka hapo tulipokuwa, kama anayepima. Kisha akasema:

"Sauti yako bado inafika barabarani."

Mwanao,
Ng'washi